Mafuta ya Mama Bwawani

Aibu hii nakuhadithieni mwenyewe, maana mkiisikia kwingine mtaipata imetiwa chumvi. Mimi nafundisha watoto wa kike wa darasa la pili kuogelea, ule mtindo huru, katika shule moja hapa Maskati, na mama yangu (kazaliwa Unguja, kazeekea hapa) miaka yote huwaambia watu kwamba mwanawe yuko ofisini. Kwake yeye kuogelea si kazi, ni utundu wa watoto waliotoroka chuo cha Kurani.

Basi ikaja siku ya maonyesho, wageni wanawake tu, nikambembeleza mama mpaka akakubali, akaja na shoga zake wawili, wakakaa mbele kabisa. Nilitaka aniangalie halafu aseme mara moja tu, "Yule mwanangu." Hilo tu.

Na kwa kutaka kumfurahisha, nikabeba chupa kubwa ya mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe. Utotoni hatukugusa bahari mpaka atupake tung'are, ati chumvi isitubabue. Nikawaambia watoto wapake kidogo, dawa ya bwawa inakausha ngozi. Kidogo! (Mpe mtoto wa miaka saba chupa umwambie kidogo, uone.) Wakapakana migongo, wakapaka nyayo, wakapaka na vibao vya kuelea.

Nikapuliza filimbi. Wanajisukuma ukutani, miguu inateleza, vibao vinawaponyoka kama sabuni, huyu anageuza kichwa avute pumzi anakunywa mafuta, wote wanalia "Abla! Abla!", ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike huku, nami nikakimbia nimshike aliye karibu, kumbe vigae navyo vimeshapakwa kwa nyayo zao, nikateleza, nikadaka abaya la mkuu wa shule, tukaingia majini pamoja, yeye na mkoba wake na simu yake. Watoto hawakuumia, alhamdulillahi, upande ule maji yanawafika kifuani tu.

Niliibuka nywele zimeninata usoni, watu wanacheka mpaka wanashikana. Nikamtafuta mama kwa macho. Bibi mmoja nyuma yake alikuwa anamuuliza, "Dada, huyu mwalimu mwendawazimu ni mtoto wa nani?"

Mama akajitengeneza mtandio. "Mie simjui. Nimekuja na wenzangu tu."

"Na mafuta yote yale kayatoa wapi?"

"Nnajuaje mie?"

Shoga zake wakaangalia viatu vyao. Mimi nikarudi chini ya maji, na nilitamani nisitoke.

Mkuu wa shule alinisamehe, mpaka leo akiniona hucheka. Lakini lile neno la mama limenikaa kooni, silimezi wala silitemi. Nimeapa sitompaka mtoto wa mtu mafuta tena, wala sitomwalika mama popote anione. Ijumaa nilipokwenda kwake kula, alinitilia mkobani chupa nyingine ya mafuta, akaniuliza, "Na huko ofisini, hawajambo?"

Nikamwambia hawajambo.