Lesepase ya Kumwosha Bibi

Harufu ya karafuu maiti hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine huwakumbusha msiba. Mimi hunikumbusha gogo lililolazwa barabarani mpakani, na mama yangu amesimama mbele yake, kifurushi kwapani. Ilikuwa miaka ile mpaka wetu na Kenya ulipofungwa, na sabuni ikawa ya kutafutwa kama dawa. Sisi tulikaa Maramba, upande wa Tanzania, bibi mzaa mama alikuwa ng'ambo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Alfajiri moja binamu yake mama alitujia kwa njia za porini: bibi amefariki, anazikwa alasiri. Kwetu binti ndiye humwosha mama yake, na mama alikuwa binti pekee. Karafuu maiti na kipande cha sabuni alikuwa ameviweka sandukuni mwaka mzima kwa ajili hiyo. Binamu alitaka tupite naye porini. "Siendi kwa mama yangu kama mwizi," mama alisema, akanishika mkono, tukafuata barabara.

Askari alimwamkia kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Lesepase iko wapi?" Mama alieleza msiba wake. Akaambiwa aende Tanga mjini akaiombe hiyo karatasi ya kuvukia, ni siku tatu tu. "Maiti hangoji siku tatu, mwanangu," mama alisema. Yule kijana akatazama chini, lakini gogo hakuliinua. Tulikaa pale juani hadi adhana ya alasiri. Mama akasimama, akajikung'uta vumbi, akasema, "Wameshamtoa."

Nilipokuwa mwalimu ndipo nikajua asili ya neno lile, lesepase. Ni la Kifaransa, wanadiplomasia wakalieneza, na maana yake ni "acheni apite": amri ya maandishi ili mlinda lango asimsumbue msafiri. Nilikasirika upya. Karatasi iliyobuniwa kufungua njia ndiyo iliyomzuia mwanamke asimwoshe mama yake, na hakuna aliyeona haya.

Siku hizi navuka kwa kitambulisho, nagongewa muhuri na kuambiwa karibu tena. Wanaosema hayo yamepita, waseme, mimi sijasamehe. Mama alipofariki nilifungua sanduku lake. Kifurushi kilikuwepo, kimefungwa kwa uzi ule ule. Karafuu maiti huyeyuka hewani yenyewe. Ndani nilikuta harufu tu, na kile kipande cha sabuni, kigumu kama jiwe. Nilimwosha nacho.