Mbawakawa wa Mawe ya Momela

Mjerumani aliyeniajiri hakuja Momela kutafuta ardhi. Alikuja kutafuta mbawakawa, wale wadudu wenye mgongo mgumu, tena wale tu wanaoishi chini ya mawe ukingoni mwa ziwa, ambako maji ya magadi hukauka na kuacha ukoko mweupe. Nilikuwa nimesoma kidogo misheni, basi akanipa kazi ya kuinua mawe, kukamata, kisha kupanga: wanaofanana pamoja, kila mmoja na kikaratasi cha mahali alikotoka. Nyumbani Kimandolu walinicheka mpaka basi. Mtu mzima, ana mke, anaokota wadudu!

Niliwaacha wacheke. Mdogo wangu alikuwa mfungwa, anabeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani Arusha, mnyororo shingoni, kwa kosa la kumjibu askari. Alikuwa amekonda na anakohoa, na niliogopa hatamaliza mwezi. Bwana alikuwa rafiki wa mkubwa wa boma. Nilipomwomba amwombee mdogo wangu afunguliwe, alijibu bila hata kuinua macho.

“Nipatie aina isiyojulikana Ulaya. Nitaandika barua.”

Siku chache baadaye nilimpelekea weusi wawili, wa urefu mmoja. Mmoja alikuwa na nyayo nyembamba, mwingine nyayo za mbele pana zenye manyoya. Mwembamba alikuwamo kitabuni mwake. Mpana hakuwamo. Bwana alifunua kurasa mpaka ya mwisho, akacheka, akanipiga begani. Mimi nilitaka kulia kwa furaha.

“Kesho ulete wengine,” alisema, “halafu barua.”

Asubuhi niliinua jiwe nikawakuta. Mwenye nyayo pana amempanda mwembamba, amemshika mgongo kwa zile nyayo zake. Nimefuga mbuzi tangu utotoni, sikuhitaji kitabu. Aina mpya ilikuwa mume wa ile ya zamani.

“Kuna nini hapo?” Bwana aliuliza nyuma yangu.

“Hakuna kitu, Bwana.”

Nikarudisha jiwe, nikalikanyaga kwa kisigino. Kisha nikamtafutia wengine wenye nyayo pana, mmoja mmoja, na jioni akaandika barua.

Mdogo wangu alirudi. Mama alimkanda shingo kwa mafuta ya kondoo, nami nilikaa kando nikijisifu kimoyomoyo. Uongo wenyewe ulikuwa wa wadudu tu, nani angeumia?

“Kaka,” aliniambia alipopata nguvu, “mnyororo wetu ni wa watu sita. Waliponifungua, askari alitoka nje akamkamata mtu wa Lemara aliyekuwa anapita na mbuzi wake. Wakamfunga nafasi yangu.”

“Alikosa nini?”

“Hakukosa kitu. Walitaka sita.”

Sikumuuliza jina la mtu huyo. Alfajiri nilirudi Momela, nikakaa mbele ya visanduku viwili, nikaendelea kuwatenga wale wadudu: wanawake huku, waume zao kule.