Amesimulia kwa Kinamwanga

Sikusomea ukutubi. Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa wakala wa forodha hapa mpakani Tunduma, nikipanga karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Ukutubi nilijifunza mwenyewe, kwa kijitabu cha mwongozo nilichokisoma hadi kurasa zikaachana, na kwa kukosea. Mwaka wa kwanza nilibandika migongo ya vitabu kwa uji mzito wa unga wa mahindi. Haikupita miezi miwili, panya wakaila migongo yote na kuniachia kurasa. Siku hizi nashona kwa sindano ya viatu, na majalada nayakata kwenye mifuko ya saruji, upande msafi ukitazama nje.

Maktaba yetu, katika shule ya msingi huku Chapwa, ni chumba kimoja chenye kabati mbili na mikeka. Raha zake ni ndogo, nami nazijua moja moja. Mtoto wa darasa la pili anayesoma kwa midomo, kidole kikitembea chini ya mstari. Akifika mwisho wa ukurasa anashusha pumzi kama aliyemaliza kupanda mlima. Kitabu kinachorudi kikinuka moshi, ambacho bila shaka kilisomwa karibu na moto, pengine mbele ya watu.

Kutoka forodhani nilikuja na kanuni moja. Kule mzigo hauvuki mpaka karatasi zake zikamilike. Kwangu, mtoto haazimi kitabu kingine mpaka asimulie kile alichorudisha. Dakika tatu, kwa maneno yake mwenyewe. Niliipenda kanuni hiyo, kwa sababu iliwafichua wale wanaochukua vitabu kwa ajili ya picha.

Mwaka jana alikuja msichana wa darasa la nne, aliyehamia kwa shangazi yake kutoka kijiji kimoja cha upande wa Chitete. Aliazima hadithi ya ng'ombe dume anayekataa kuvuka mto, hata kijiji kizima kinachohama kikakwama naye ukingoni. Kitabu kinaishia hapo hapo ukingoni. Hadithi inaendelea katika kitabu cha pili, ambacho nina nakala moja tu.

Ijumaa iliyofuata alikirudisha kile cha kwanza, akasimama mbele ya meza yangu, akatazama chini. Hakusema neno, nami sikumpa cha pili. Ijumaa mbili zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Kila mara, kabla ya kutoka, aligeuka kuitazama ile rafu ambapo kitabu cha pili kilikuwa kimesimama.

Ijumaa ya nne ilikuwa ya mwisho kabla ya kufunga shule. Saa sita mchana ningefunga kabati mpaka Januari, na tangazo nilikuwa nimelibandika mlangoni. Alikuja saa tano.

"Simulia kidogo tu," nilimwambia. "Hata mwanzo."

Akanong'ona, "Mwalimu, kwa Kinamwanga naweza."

Mimi ni Mndali wa Itumba. Kinamwanga changu kinaishia kwenye salamu. Nilifikiri kidogo, kisha nikatoka hadi jikoni, nyuma ya maktaba, kwa mama anayetupikia uji wa shule.

"Mama, njoo unitafsirie."

"Nikutafsirie nini, na uji uko motoni?"

"Dakika tatu tu."

"Dakika tatu za Mndali nazijua mimi," alisema, lakini akaja, mwiko mkononi.

Msichana akaanza. Sauti ile sikuwahi kuisikia; ilikuwa pana, haina haraka. Ng'ombe alipokataa, naye aliikaza shingo. Watu walipomsukuma, alisukuma hewa kwa mikono miwili. Mwanzoni mama mpishi alinitafsiria sentensi kwa sentensi, jicho moja likiwa dirishani upande wa jiko. Baadaye akanisahau.

"Mama, anasemaje?"

"Ngoja kwanza, baba! Usimkate!"

Akacheka, akajipiga paja, akamuuliza mtoto kitu kwa Kinamwanga, akajibiwa, akacheka tena. Mimi nilikuwa nikiokota makombo.

Hata hivyo nilikuwa na shaka. Kitabu kile kina picha kila ukurasa, na mtoto mwenye akili anaweza kusimulia picha. Lakini kuna kitu hakimo katika picha hata moja, kimo katika sentensi moja tu ya ukurasa wa kumi na moja.

"Muulize," nilimwambia mama mpishi, "kengele ya yule ng'ombe inaliaje?"

Mama hakupata hata nafasi ya kutafsiri. Msichana alikuwa ameshamgeukia na kumjibu.

"Anasema ina ufa," mama akaniambia. "Hailii, inakohoa. Inakohoa kama babu aliyeamshwa."

Ndivyo ilivyoandikwa kitabuni, neno kwa neno. Alikuwa amekisoma chote, mstari kwa mstari, katika lugha ambayo hakuthubutu kuisema mbele yangu. Nimekutana na watu wazima wengi wanaosema vizuri kuliko wanavyosoma. Huyu, na miaka yake kumi, alikuwa kinyume chao, na Ijumaa tatu nilimdhania mvivu.

"Sasa huyo ng'ombe alivuka?" mama mpishi akaniuliza.

"Hilo limo katika kitabu cha pili."

"Basi mpe! Unangoja nini, muhuri wa forodha?"

Nikampa. Katika daftari, kwenye safu ya "Amesimulia", ambako kwa kawaida naweka alama ya vema, niliandika "Kinamwanga", kwa herufi ndogo ili neno litoshe. Msichana alikiingiza kitabu ndani ya sweta, akakishikilia kwa viganja viwili. Alipofika mlangoni akamwambia mama mpishi jambo.

"Anauliza," mama akasema, "kama Januari utaniita tena nije kutafsiri."

Nikamjibu mtoto mwenyewe, kwa Kiswahili, kwamba nitamwita mama. Alitikisa kichwa kukubali, akatoka mbio. Ndipo harufu ya uji ulioungua ilipotufikia, na mama naye akatoka mbio, akinilaumu mimi na Wandali wote mpaka jikoni.