Kisasi Ninachoweza Kukitia Sahihi

Mwanaume aliyeniibia mchezo wangu tulisoma naye chumba kimoja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, chumba cha mabati chenye kompyuta za kupokezana. Mwalimu wetu alikuwa Mrundi mmoja mpole aliyependa kusimama nyuma yako bila kusema neno mpaka ulione kosa lako mwenyewe. Mimi ni mkubwa kidogo kwa yule mwenzangu, kwa hiyo aliniita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa kule Kivu Kusini, Kongo. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba sikuibiwa na mgeni. Nimekula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mama yake. Nimembebea mtoto wake mgongoni siku ya ubatizo.

Tulipomaliza mafunzo tulikodi chumba Kakoba, mjini Mbarara, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Yeye alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na mikono. Alishuka mtaani kutafuta wateja, nami nikabaki juu kuwatengenezea tovuti: shule moja, zahanati, nyumba ya wageni yenye mwenye nyumba aliyetaka picha ya kila kitanda. Kazi haikuwa kubwa lakini nilikuwa na msimamo wangu, na ninao hadi leo. Tovuti ikimlazimisha mama wa kijijini Kabingo amalize bando lake lote kabla hajaona saa za kufunguliwa zahanati, huyo mama ametukanwa. Aliyemtukana ni aliyeijenga, hata kama hajawahi kumwona. Mwenzangu alicheka kila nilipopunguza uzito wa picha. "Yaya, wewe unapikia wageni ambao hawajafika," aliniambia. Nilidhani ni utani wa ndugu.

Mchezo wenyewe ulianzia kwa mama yangu.

Mama alikuwa mfugaji asiye na ng'ombe. Wa kwake waliishia milimani tulikotoka, na jinsi walivyoishia hakupenda kusimulia. Nakivale alipewa kiwanja cha mahindi na maharage, akakilima bila kukipenda. Lakini ng'ombe wa wenyeji walipopita barabarani wakielekea upande wa Endiinzi, wale wenye pembe ndefu, mama aliacha jembe, akanyoosha mgongo na kuwaita. Haukuwa wimbo wala haukuwa mluzi. Ilikuwa sauti iliyoanzia chini kifuani ikapanda polepole, na ng'ombe waliokuwa hawamjui waligeuza vichwa. Wachungaji wao walimkasirikia mwanzoni, baadaye wakazoea, wakawa wanamsalimia.

Basi nikatengeneza mchezo wa simu. Msichana anapeleka ng'ombe ziwani kunywa maji, na njia inapita katikati ya mashamba ya watu. Ng'ombe akiingia kwenye maharage, mkulima anatoka na ugomvi unaanza. Unapaswa kumwita ng'ombe kwa wakati. Sauti ya kuita niliirekodi kwa mama, amesimama mlangoni, ameziba sikio moja kwa kiganja. Rafiki yangu mmoja wa kituo chetu cha mafunzo alichora ng'ombe, kila mmoja na rangi yake. Msimbo, yale maandishi yanayoiambia simu ifanye nini, niliuandika mimi kuanzia mstari wa kwanza. Mwenzangu alichangia ushauri kwamba tuweke na fisi.

Siku niliyompelekea mama simu aicheze, aliishika kama anayeshika yai. Ng'ombe mmoja akakengeuka.

"Ile yenye mabaka inaenda mu shamba ya bantu!" akapiga kelele. "Muite! Muite mbiyo!"

"Bonyeza hapa, mama."

Akabonyeza, akajisikia mwenyewe akiita. Akaisogeza simu sikioni. Kisha akasema, "Kumbe ni miye." Alicheza mpaka simu ikazima.

Watoto wa kambini walianza kupeana ule mchezo kwa simu, hata bila intaneti, maana niliujenga uchezeke bila mtandao. Walibishana kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyankore juu ya ng'ombe yupi ni mkaidi zaidi. Shirika moja likasikia, likatualika tukauoneshe kwenye mkutano hotelini Mbarara. Ndipo mama akaugua.

Nilirudi Nakivale kumuuguza. Mwenzangu akaniambia niende kwa amani, atatuwakilisha sote wawili. Mkutano ulifanyika wakati tukiwa kwenye matanga yake. Mwenzangu alitutumia sukari na unga, akaandika na ujumbe mrefu wa rambirambi uliomliza shangazi yangu. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu kama huyo.

Niliporudi Kakoba, kabla sijapanda ngazi, kijana wa duka la vipuri alinipongeza. "Mchezo wenu umetoka rasmi, nyabo! Umeshaupakua?" Niliupakua pale pale, nimesimama kati ya matairi.

Msichana hakuwepo. Mahali pake palikuwa na mvulana mwenye kofia ya kizungu. Maneno yote yalikuwa Kiingereza. Kila ng'ombe alipofika majini, tangazo la biashara lilijaa kioo kizima na kula bando. Nilibonyeza pa kuita. Ikatoka sauti ya mwanaume, kavu, kama ya mtu anayeita teksi. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza tena. Chini kabisa, palipoandikwa mtengenezaji, palikuwa na jina moja tu, na halikuwa langu wala la rafiki yangu mchoraji.

Nilimkuta ofisini amevaa shati jipya.

"Jina langu liko wapi?"

"Yaya, pole kwanza na msiba. Kaa."

"Jina langu liko wapi?"

"Wewe ulikuwa kwenye matanga. Bale bantu ba shirika habasubiri. Jina tutaliongeza baadaye, si kitu."

"Na mama?"

Hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa, akatazama dirishani. "Ile sauti walisema ni ya kizamani. Walisema inasikika kama kilio. Yaya, soko ni soko."

Kaburi la mama lilikuwa halijaota hata majani. Nilichukua laptopu yangu na kikombe changu nikashuka. Kwenye ngazi nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Sasa niseme ukweli kuhusu kisasi. Watu wengi huwaza kwamba hasira ni moto. Yangu ilikuwa kazi, tena kazi safi. Funguo za seva tuliyokuwa tukiitumia wote, ile kompyuta ya mbali iliyokuwa ikiulisha mchezo matangazo na alama za wachezaji, bado zilikuwa kwangu. Hakukumbuka hata kunipokonya, kwa kuwa hakujua zinakaa wapi. Niliandika msimbo mfupi. Kila simu ambayo ingefungua ule mchezo ingeona ng'ombe wote wanasimama, wanamgeukia mchezaji, na juu yao sentensi moja: Mwenye mchezo huu ni mwizi. Niliujaribu kwenye simu yangu. Ng'ombe waligeuka vizuri sana. Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu mazishi.

Kilichobaki ni kubonyeza. Nilikunywa chai asubuhi ile nikiitazama ile kazi yangu kama bibi harusi anavyotazama gauni.

Sikubonyeza, na mtu asidhani ni wema. Nilikumbuka mwalimu wetu Mrundi alivyokuwa akituambia, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, kwamba mtu akikupa ufunguo wa mashine yake amekupa mgongo wake akiamini hutamchoma kisu. Nilifikiria yule daktari wa zahanati na mkuu wa shule. Nao wamenipa migongo. Wangesikia kwamba yule dada wa Nakivale akikasirika anavunja, wangebadilisha kufuli siku hiyo hiyo, na wangekuwa na haki. Halafu adui yangu angetembea Kakoba nzima akisema: mnaona niliyekuwa nafanya naye kazi? Kisasi kile kingempa yeye joho la mtu aliyedhulumiwa. Mimi nilitaka kisasi ninachoweza kukitia sahihi.

Kwa hiyo nikaufuta ule msimbo. Nikamwita mwenzangu, nikamwita na mwalimu awe shahidi, nikamkabidhi mwenzangu funguo zote, moja baada ya nyingine, nikimweleza kila moja inafungua nini. Alikuwa akiitikia "sawa, sawa" huku akiangalia simu. Mwalimu alisimama nyuma yake kama zamani. Tulipotoka, mwalimu aliniuliza, "Umemsamehe?"

"Hapana."

"Bon," akasema. "Usimdanganye basi kwamba umemsamehe."

Jumapili mchungaji wetu alihubiri juu ya kusamehe sabini mara saba. Nilisema amina kwa mdomo. Moyo ulibaki nje ya kanisa, umekaa kwenye jiwe, unasubiri.

Ulisubiri mpaka simu mpya zilipoingia madukani. Wakati tukiwa bado ndugu nilimwambia kuna sehemu ya mchezo niliyoijenga kwa haraka, pale ng'ombe wanapofika majini, na kwamba itabidi tuijenge upya kabla simu za toleo jipya hazijaikataa. Alinijibu kwamba inatosha. Haikutosha. Kwenye simu mpya ng'ombe walifika ziwani wakaganda, midomo hewani, bila kunywa, na mtoto akapoteza safari yake yote. Maoni ya wachezaji yakaanza kumiminika. Niliyasoma kila asubuhi na chai kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. "Takataka." "Ng'ombe wangu wamekufa kiu." Mmoja aliandika kwa Kiswahili chetu: "Rudisheni ule wa zamani, ule wa mama."

Hapo nililia kidogo, halafu nikasoma mengine.

Alianza kunipigia, sikupokea. Mwishowe alikuja mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nimepanga kona ndani ya duka la mama mmoja fundi cherehani karibu na soko. Nilikuwa nimemtengenezea tovuti ya gauni zake. Mwenzangu aliingia amebeba mkungu wa matoke begani kama mkwe. Mama fundi alisimamisha cherehani.

"Yaya," akasema, "nimekuja kwa miguu yangu."

"Nimekuona. Karibu."

Alieleza shida yake. Shirika limempa muda, wanataka mchezo utengemae, ameajiri vijana wawili, wote wameshindwa kujua pa kuanzia. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Niliuliza maswali, ya kitaalamu kabisa, na alijibu kwa matumaini yaliyokuwa yakiongezeka. Nikamwambia, "Rudisha sauti ya mama."

Akainamisha kichwa. "Niliifuta, yaya. Sikuiweka popote."

Nilifungua laptopu, nikaicheza. Ile sauti ilipanda kati ya vitambaa vilivyoning'inia, na nje, sokoni, mtu mmoja akageuza kichwa. Mwenzangu alifunika macho kwa mkono. Nilimwacha aisikie mpaka mwisho, kisha nikaifunga.

"Shida yako naijua," nikamwambia. "Naijua ilipo. Sitaitengeneza."

"Ni kazi kubwa?"

"Ni muda wa kunywa chai."

"Sasa kwa nini, yaya? Kwa nini?"

"Kwa sababu chai yangu nakunywa na watu wengine."

 Akanyanyuka na kuuacha ule mkungu. Mama fundi aliniuliza kama tuutupe. Nikamwambia matoke hayana kosa, tukayapika.

Nimejiuliza sana kama nilikiuka maadili ya kazi yetu siku ile. Watoto walikuwa wanateseka na mchezo mbovu, nami dawa ninayo. Lakini jibu langu ni lile lile kila mara. Maadili yananikataza kuvunja cha mtu. Hayaniamrishi kumshonea mwizi kifungo cha shati langu aliloliiba. Na wale watoto sikuwaacha. Niliujenga mchezo upya, taratibu, ng'ombe wakanywa maji kwenye simu mpya na za zamani, bila tangazo hata moja. Msichana akarudi. Mama akarudi. Majina yetu yakaandikwa mwanzoni, langu, la rafiki mchoraji, na mama kama mwitaji wa ng'ombe. Shirika liliponiuliza mchezo ule wa kwanza ulitengenezwa na nani, nilijibu kwa sentensi fupi na kuwaonesha kumbukumbu za kila badiliko nililolifanya. Walipoomba niokoe ule mbovu, nilikataa kwa adabu kubwa. Wakauondoa.

Ningependa kusema kwamba aliangamia. Hakuangamia. Wenye mdomo hawafi njaa. Nasikia siku hizi anaitwa kwenye kumbi za Mbarara kuwafundisha vijana jinsi ya kuanzisha biashara, na tangazo moja nililoliona limebandikwa Kakoba lilisema atazungumzia uaminifu. Nilisimama mbele ya tangazo hilo nikacheka mpaka mwenye boda akaniuliza kama naumwa.

Mimi nafundisha Nakivale siku za Jumamosi, kwenye kile chumba cha mabati. Wanafunzi wapya nawaanzishia na kisa hiki, ili wajue kutia majina yao kwenye kazi yao kabla hawajamwonesha ndugu. Huwa wananiuliza huyo mtu ni nani. Mimi si mtu wa kuwataja watu majina. Nawaambia tu ofisi ilikuwa juu ya duka gani, ana kovu upande gani wa uso, pikipiki yake ni ya rangi gani, na anapenda kukaa wapi kanisani. Baada ya hapo tunafungua kompyuta.