Jina Langu Halikuwa kwa Liste

Mwanamke aliyenifundisha kukimbia aliuza vitenge Beni. Alikuwa Mwislamu, mama wa batoto sita, na saa ya kupimia mbio ilining'inia shingoni juu ya hijabu yake. Wakati wa Zaire, angali msichana wa shule, alishinda wasichana wenzake wote, akaahidiwa kupelekwa kwenye mashindano ya riadha ya Afrika nzima. Hakupelekwa. Tangu hapo aliyafuata kwa radio: yalianzia Dakar, yakaenda Cairo, Rabat, Lagos, Durban. Yalipofika Brazzaville, ng'ambo tu ya mto kutoka Kinshasa, aliyasikiliza dukani akipima vitenge, na alisema siku hiyo alimukatia mteja vibaya.

Mimi ni mutoto wa wakulima wa viazi wa milimani Kipese, Wakatoliki. Nilikuwa nikiishi kwa dada yangu mtaani Vulamba, Butembo, nikiuza unga, mama huyo wa vitenge aliponiona nikishinda mbio za parokia. Aliniita pembeni.

"Binti yangu, wewe utafika kwenye miye sikufika."

Kwa miaka mitatu alipanda Butembo kila juma. Watu wakiuawa barabarani na njia ikifungwa, alinifundisha kwa simu: dada yangu aliishika hewani kando ya uwanja, na sauti ya mama huyo ikinipigia kelele kutoka Beni niinue magoti.

Mchujo wa kwenda kwenye mashindano yale ya Afrika ulifanyika Beni. Mita elfu moja na mia tano nilizimaliza wa kwanza, aliyenifuata angali kwenye kona. Mukubwa wa bureau, ofisi ya michezo, aliandika jina langu mbele yetu kwenye liste, orodha ya wanaosafiri, akachukua picha zangu na cheti cha kuzaliwa. Baba alishuka kutoka Kipese kuja kuniaga. Padri aliniombea mbele ya kanisa zima. Mama wa vitenge aliniletea viatu vya misumari, vipya, ndani ya kitenge.

Siku ya safari tulimkuta mukubwa yule uwanja wa ndege wa Beni, na karatasi mkononi.

"Jina yako haiko kwa liste," aliniambia, bila kuniangalia.

"Lakini chef, uliliandika weye mwenyewe," mama wa vitenge akasema.

"Mama, hapana kasirika. Kule juu balionelea huku kwenu kuko vita. Mutoto hakujiandaa muzuri. Balimuonea huruma."

Huruma! Nilikuwa nimekimbia milio ya risasi ikisikika, nikalala na viatu miguuni ili niwe tayari kutoroka, na kila asubuhi nilirudi uwanjani. Vita hiyo hiyo ndiyo sasa ilitumiwa kunifungia mlango. Nyuma ya mukubwa alisimama msichana ndani ya survêtement, suti ya michezo ya taifa, ile niliyopimiwa mimi, mikono ikimzidi. Hatukuwahi kumwona kwenye mbio yoyote. Alimwita mukubwa yule "tonton", yaani mjomba. Akapanda ndege.

Baba alibeba sac yangu ya nguo hadi kwenye moto, pikipiki tuliyokuja nayo, akaifunga kwa mpira, akaifungua, akaifunga tena. Kumwona hivyo kuliniuma kuliko kuikosa ndege.

Siku ya mbio zangu nilikaa dukani kwa mama wa vitenge, matokeo yakaja kwenye simu. Tuliyasoma kutoka juu hadi chini. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wa nchi yetu, na kando yake iliandikwa kwamba msichana yule hakuanza. Hata hakusimama kwenye mstari! Kama angekuwa wa mwisho, ningelia tu. Mama alivua saa shingoni, akaiweka juu ya meza, akasema polepole, "Kumbe balimupeleka kutembea."

Tulichapisha ukurasa ule. Mukubwa aliporudi, tuliingia bureau yake bila kubisha hodi, nikauweka mbele yake.

"Soma."

Alisoma. Akacheka kidogo. "Ungali kijana. Mara ingine."

"Miye pia baliniambia mara ingine," mama akasema. "Batoto yangu banazaa sasa."

Alituomba tutoke. Hatukutoka. Nilisema kwa sauti kubwa, mlango wazi, mbele ya watu wote waliopanga foleni nje: nilimaliza kwa muda gani, nani alichukua nafasi yangu, na kwamba hakukimbia. Polisi alikuja, akasikiliza hadi mwisho, akanishika mkono taratibu, akatutoa nje.

Hakuna aliyefukuzwa kazi. Mara ingine ilikuja, goti langu likiwa limeharibika. Sasa nafundisha wasichana wanane Vulamba, na kwenye kila mchujo napiga picha ya liste kabla mutu hajaikunja. Wakubwa wa bureau wananiita mwanamke wa makelele. Kila Kwaresima padri ananiuliza kama nimemusamehe mutu yule. Ninamujibu kwamba bado, na kwamba mutu huyo hajaja kuniomba.