Ursule na Jani Lisilo na Tamaa

Mjini Kisangani ukiuliza fundi wa paneli za jua, utaelekezwa kwa mwanamke, na ukishangaa, shauri yako. Anaitwa Ursule, binti wa Papa Hubert, mvuvi wa kabila la Wagenia, watega samaki wa maporomoko ya Mto Kongo.

Jina hilo nusura lizame mwaka jana. Katika kituo kimoja cha uzazi, friji ya chanjo ilizima mara mbili, na mara zote ilikuwa imeungua regileta aliyoifunga Ursule, kile chombo kinachosimamia umeme uingiao kwenye betri. Wingu likipita, jua lilirudi ghafla kwa nguvu, nacho kikazidiwa. Masera Élise, mtawa msimamizi, hakumung'unya maneno.

"Ursule, hii njo ya mwisho. Ikiungua tena, nitaita fundi mwingine."

Ursule aliona aibu sana. Akaenda kwenye maporomoko kumsaidia baba yake kufunga mitego. Akiitazama ile mitego mikubwa ya fito, yenye nafasi wazi kila mahali, akauliza kwa nini haisukwi ikabana.

"Bon, mutego yenye inakataza mayi yote, mayi itaibeba," Papa Hubert akamjibu. "Tunatafuta samaki, hatutafute mutoni."

Hapo likamjia somo la biolojia. Jani lina chembe nyingi za kijani zinazonasa mwanga na kupasiana hadi mahali pamoja, unapoanza kugeuzwa chakula. Lakini jua likizidi, jani halishindani nalo: ziada huigeuza joto, likaiachia. Naye, kama mafundi wote wa mji, alikuwa akitaka kulikamata jua zima!

Akaunda regileta yenye njia ya pili. Betri ikishiba, ziada inakwenda kwenye koili ya birika kuukuu la umeme, ndani ya pipa la maji.

Siku ya kujaribu, mawingu yalicheza asubuhi nzima. Masera Élise alisimama mbele ya friji, mikono kifuani. Saa saba friji ilikuwa bado inanguruma, na mkunga akachota maji ya moto ya kumwogesha mtoto mchanga bila kuwasha makaa.

Papa Hubert, aliyekuja kushuhudia, aligusa pipa, akaungua kidole, akacheka kwa fahari. Kisha akamgeukia mtawa.

"Masera, kwetu nafasi ya kufungia mutego pa maporomoko inarithishwa mutoto mwanaume. Mimi, yangu nampa huyu."

Ursule, ambaye hakulia regileta zilipoungua, alilia papo hapo mbele ya wote, wala hakujificha.