Miiba Niliyoiburuta Malkani

Mwezi uliopita nilipanda Wundanyi kumwona shangazi, ambaye magoti yamemgomea, na kabla yake nikapokewa na baridi. Baridi ya kule haina adabu, ndugu yangu, haibishi hodi. Mji ni uleule, umebanwa katikati ya milima, soko chini, ofisi za serikali juu. Ofisi nyingi zimeshahamia bondeni, lakini wenyeji bado wanauita makao makuu, na ukiwabishia watakununia. Nilikaa pale tangu nikiwa na miaka tisa hadi nilipomaliza shule.

Nilichungulia ng'ambo ya ua nikitafuta banda la ng'ombe wa jirani. Halipo. Pamejengwa vyumba vya kupangisha, na mahali pa hori pana tangi la maji. Nikasimama pale na kikapu changu cha maembe ya Garsen nikalia, mtu mzima na akili zangu. Shangazi akadhani nalilia magoti yake.

Mimi ni mtu wa mto. Nililelewa na bibi, mama yake baba, kijijini chini ya Garsen, ukingoni mwa Tana. Asubuhi zetu zilinukia moshi wa kuni na kambare wa kukaanga. Kazi yangu ilikuwa kufukuza nyani mashambani na kuchota maji, jicho moja kwenye ndoo, jingine likimtafuta mamba. Kando ya shamba letu ilipita malka, yaani njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Haikuwa na uzio wala karatasi, na bibi alizaliwa akaikuta. Kiangazi kikikaza, wafugaji walishuka kutoka bara na mifugo yao, na kabla hujaona vumbi ungesikia kengele za mbao shingoni mwa ng'ombe, ko, ko, ko. Makabila siyataji. Ukiwa wa huku unayajua, na ukiwa wa mbali hayatakufaa kitu.

Pamoja nao alikuja mwanamke tuliyemwita Mama Maziwa. Yeye na bibi walikutana malkani, huyu na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, huyu na mahindi mabichi ndani ya leso. Walibadilishana, kisha wakakaa chini kuwasengenya waume zao mpaka kivuli kiwahame. Mama Maziwa alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, kijana mrefu aliyependa kunitania kwamba mimi nitaolewa na kambare.

Mwaka huo bibi alinikatia kijishamba changu, mistari minne ya mahindi pembeni mwa malka. Niliyapalilia, nikayapa majina. Siku moja ng'ombe watatu wakakengeuka wakayafyeka yote, na yule kijana akaja kuwatoa huku akicheka, akisema ng'ombe wake wamesema asante. Mimi nina hasira, sikatai, na sikuiokota ukubwani. Siku ya pili yake, Jumamosi, jua la saa saba watu wamejilaza, nikayaburuta matawi ya mathenge, ule mti wenye miiba ya kutoboa tairi, nikaiziba malka kutoka upande huu hadi ule. Mikono ilichanika ikavuja damu. Nilifurahi sana.

Jumapili tulishinda kanisani. Jumatatu asubuhi likafika kundi lililokuwa na siku tatu bila maji.

Ng'ombe mwenye kiu akishanusa mto hasimami, hata umpige vipi. Walikuta njia imefungwa, wakagawanyika kulia na kushoto, wakaingia mashambani. Migomba ilikuwa ikilala chini mstari mzima. Wetu wakatoka na mapanga. Wafugaji nao wakaiona ile miiba, wakajua tumewanyima maji kusudi, na kwa mfugaji hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nilimwona jirani yetu, mwalimu wa kwaya, akimkata ng'ombe mguu, na yule ng'ombe akaendelea na mitatu kwenda majini. Niliona mkuki ukiingia begani mwa baba mdogo ukatokea mgongoni. Kisha nikamwona baba mdogo huyohuyo, mkuki ungali mwilini, akimkata panga la shingo yule kijana wa Mama Maziwa. Mara mbili. Kijana aliangukia miiba yangu. Mkono wake ulilishika tawi ukawa unalivuta, unalivuta, kama bado anataka kufungua njia. Halafu ukaacha.

Kufikia saa sita nyumba zetu zilikuwa zinawaka, na baba mdogo alikuwa amekata roho. Kwao walikufa wanne, kwetu watano. Wazee wa pande zote walipokutana mbele ya askari, swali lilikuwa moja, nani aliziba malka. Nilikuwa nyuma ya bibi, nimeishika leso yake kwa mikono iliyojaa michubuko.

"Ni mimi," bibi akasema.

Mama Maziwa alitema mate mbele ya miguu yake, akaondoka. Wiki hiyohiyo nikapelekwa Wundanyi.

Shangazi alinipokea kwa kimanga, mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na sweta iliyonifika magotini. Nilidhani milimani watu hawapigani. Kilichonishangaza zaidi ni ng'ombe wa jirani, ambaye alikaa bandani mwaka mzima hatembei popote. Majani analetewa, maji analetewa kwa ndoo. Nilipewa kazi ya kumkatia majani, na kila alipotikisa kichwa nilishtuka nikitafuta pa kujificha. Shuleni mvulana mmoja akasema mimi natoka kwa watu wanaochinjana. Nilimpiga jiwe la mdomo, meno mawili yakatoka, akaanguka, na sikuacha. Nilimpanda kifuani nikaendelea kupiga mpaka mwalimu akaninyanyua kwa nywele. Alinichapa mpaka fimbo ikakatika akaagiza nyingine. Nikuambie ukweli, nilipata nafuu. Angalau mtu ameniadhibu, ijapokuwa kwa kosa jingine.

Bibi alikuja kunitazama mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na miwili. Alijifunga leso tatu na bado meno yakagongana. Nilimpeleka kwenye banda. Jirani akaleta ndoo, ng'ombe akanywa.

"Kumbe maji yanaweza kumfuata ng'ombe," bibi akasema. Kisha, bila kunigeukia, "Siku ile nilikuona ukiyaburuta yale matawi. Nilikuwa mlangoni. Nikasema mwache, hata mimi zile kwato zimenichosha. Nitayatoa kesho."

Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili. Alisahau.

Bibi alikuwa na msemo wake tulipojikata au kujitonesha, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Siku ile hakuusema. Aliishika mikono yangu, akavipapasa vile vikovu kimoja kimoja, akaniambia nisimweleze mtu kwa sababu bado nina maisha mbele yangu. Alifariki miaka sita baadaye. Mama Maziwa hakuja kuzika.

Sasa naishi Garsen, na Mama Maziwa ni kikongwe anayeuza maziwa sokoni kwa madumu ya manjano. Ananijua mimi ni mjukuu wa nani. Kwa miaka mingi nimenunua kwake, ananipimia, hatusemezani. Lakini niliporudi kutoka Wundanyi, sijui ni kule kulikosa lile banda, nilishuka kwenye basi nikaenda kwake moja kwa moja. Alipokuwa akinimiminia nikamwambia. Mama, malka niliiziba mimi. Bibi alinifichia.

Mkono ulisimama hewani.

"Wewe ilikuwa miaka ngapi?"

"Tisa."

"Kijana yangu ilikuwa kumi na sita." Akalichukua jagi langu, akayarudisha maziwa yote dumuni, akafunga kifuniko. "Miaka yote mimi nachukia rafiki yangu. Amekufa, mimi sikuzika." Akainuka, dumu mkononi. "Kaburi yake iko wapi?"

Nilitaka kumwambia yaliyobaki, kwamba bibi aliniona akaniacha. Ulimi ukanyanyuka, nikaubana kwa meno. Bibi alinibebea langu mbele ya watu wote, na hili lake nitalibeba mimi. Ukinilaumu, nilaumu.

Kijiji chetu hakikujengwa tena. Nyumba za wakati ule hazipo, migomba haipo, na sijasikia kengele ya mbao kule mtoni tangu nikiwa mtoto. Hata malka yenyewe haipo. Mathenge imeota ikajaza njia yote hadi majini, na huwezi kusema tawi la kwanza liliwekwa na mtu. Kaburi la bibi liko kwenye lililokuwa shamba lake, ng'ambo ya kichaka hicho. Nilinunua panga pale sokoni, tukachukua bodaboda mbili, na tulipofika Mama Maziwa akakionyesha kichaka kwa kidole.

"Kata," akasema.

Nikakata. Yeye alinifuata nyuma na dumu lake, hatua kwa hatua, mpaka jua likatuelemea. Mwiba mmoja ukanizamia kiganjani, juu ya kovu la zamani, damu ikachuruzika hadi kiwikoni. Nikageuka. Mama Maziwa aliitazama ile damu, akanitazama usoni. Hakuniambia pole.